Ameapishwa Kuwa Nani?

FIDENCIO: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Kama ni dereva, sisi tupo geti la upande wa—

REMEDIOS: Dereva? Mimi dereva?

FIDENCIO: …Dada Reme?

REMEDIOS: Kumbe namba ngeni unapokea! Kwa yangu nimepiga mara kumi na moja, unaikata tu. Nimeazima simu ya Bi Casilda, jirani mwenye duka, mlio mmoja, "haloo, nani mwenzangu", sauti laini ya mtangazaji wa redio.

FIDENCIO: Sikukata, dada. Mtandao huku… Shikamoo kwanza.

REMEDIOS: Shikamoo yako iweke mfukoni. Baba yuko wapi?

FIDENCIO: Kelele nyingi hapa, hawa wacheza ngoma na njuga zao— haloo? Unanipata?

REMEDIOS: Nakupata, na njuga nazisikia. Uko uwanjani pale Basilika. Baba yuko wapi?

FIDENCIO: Yupo.

REMEDIOS: Yupo wapi?

FIDENCIO: Yupo hapahapa, dada. Eneo lenyewe kubwa, unalijua. Mguu unaendeleaje?

REMEDIOS: Mguu uko ndani ya hogo, plasta mpaka gotini, haukimbii popote. Ungekuwa mzima nisingekutuma wewe. Miaka miwili nimempeleka mwenyewe, Atlixco mpaka huko Jiji la Mexico, basi la alfajiri, kwenda na kurudi. Wewe nimekuomba mara moja. Moja tu! Fidencio, baba ameshaapa?

FIDENCIO: Bado kidogo.

REMEDIOS: Bado kidogo ndiyo nini? Mtu anaapa au haapi! Padri anasoma, baba anarudia, anapewa kadi yenye tarehe na sahihi, mwaka mzima haonji hata povu la bia. Ni dakika ishirini. Basi limemshusha saa mbili asubuhi. Sasa hivi saa ngapi?

FIDENCIO: Saa tisa na… na arobaini hivi.

REMEDIOS: Na mlango wa viapo unafungwa saa ngapi?

FIDENCIO: Saa kumi.

REMEDIOS: Saa kumi. Na kiapo cha mwaka jana kimeisha saa ngapi?

FIDENCIO: Dada, hayo mambo ya saa ni ya baba mwenyewe. Kadi inaandika tarehe tu. Leo ni leo mpaka usiku wa manane.

REMEDIOS: Leo ni leo kwako wewe. Kwa baba ni saa nane mchana, kwa sababu aliapa saa nane mchana. Kwani humjui baba yako? Kile kiapo cha kwanza, cha miezi sita, siku kilipoisha alikaa jikoni, chupa mezani, macho kwenye saa ya ukutani. Chupa hakuigusa mpaka mshale ulipofika. Ulipofika akaifungua. Siku ya tatu anatapika damu kwenye beseni langu la kufulia. Dokta alisema nini?

FIDENCIO: Najua alichosema.

REMEDIOS: Kiseme.

FIDENCIO: Alisema glasi moja zaidi—

REMEDIOS: Glasi moja zaidi tuagize jeneza. Haya. Sasa tuje kwenye picha.

FIDENCIO: Picha gani?

REMEDIOS: Mchumba wako Solenne kaweka kwenye stetasi, mtaa mzima umeona. Baba kavishwa sombrero kubwa la harusini, kapandishwa farasi wa mbao wa wapiga picha, yule mwenye mkia wa katani. Mzee wa miaka sabini na moja! Na begani kaning'iniza mkoba wa waridi. Ule mkoba wa nani?

FIDENCIO: Wa mama yake Solenne. Alimshikia tu, mama wa watu alikuwa anapanda kilimani kupiga picha—

REMEDIOS: Baba katoka hapa na shati alilolipiga pasi mwenyewe. Mimi nimelala, namsikia anapuliza makaa. Hajala chochote, kwa sababu hali mpaka aape. Wewe ukaona anafaa kuwa hamali?

FIDENCIO: Wageni wana siku tatu tu, dada. Wametoka Ufaransa. Walitaka kuiona Basilika, na baba alikuwa anakuja siku hiyohiyo, nikasema tuungane. Tuwatembeze kidogo, halafu nimpitishe pale—

REMEDIOS: "Nimpitishe"! Kama kreti la maua.

FIDENCIO: Usinichukulie hivyo.

REMEDIOS: Nikuchukulie vipi? Hao wakwe zako umewaambia baba kafuata nini huko?

(mtandao unakwaruza)

REMEDIOS: Usijifiche kwenye mtandao! Umewaambiaje?

FIDENCIO: Nimewaambia… na yeye amekuja kutembea. Kutalii.

REMEDIOS: Kutalii.

FIDENCIO: Ilikuwa rahisi hivyo.

REMEDIOS: Baba mtalii! Mwaka mama alipougua alikata ule uwanja wote kwa magoti, suruali ikachanika, akaingia mpaka ndani damu zinamtoka. Leo ndiyo mtalii! Aliona nini cha kitalii? Nisimulie na mimi nifaidi.

FIDENCIO: Tulizunguka tu. Ile Basilika ya zamani iliyolala upande, mzee Thierry, baba yake Solenne, akaweka chungwa sakafuni aone kama litabingirika. Tukanunua vikate vya mahindi, vile vya kufungwa karatasi za rangi. Kisha tukaingia kwenye mpya, tukapanda ule mkanda unaotembea, chini ya picha ya Bikira.

REMEDIOS: Mara ngapi?

FIDENCIO: Kwa nini unauliza mara ngapi?

REMEDIOS: Kwa sababu nakujua. Mara ngapi?

FIDENCIO: Nne. Mzee Thierry video ilikuwa inatikisika. Mkanda unakwenda, dada, huwezi kusimama, ikabidi turudie.

REMEDIOS: Na baba?

FIDENCIO: Alipanda na sisi.

REMEDIOS: Mara zote nne?

FIDENCIO: Zote. Kofia kifuani, midomo inacheza. Kila tukishuka upande wa pili ananiuliza, "Twende sasa, mwanangu?"

REMEDIOS: Na wewe unajibu?

FIDENCIO: "Kidogo, baba."

REMEDIOS: Mara nne.

FIDENCIO: Sikujua muda unakimbia hivyo.

REMEDIOS: Muda haukimbii, wewe ndiye uliyekaa! Bi Casilda, ngoja kidogo, najua, najua. Anasema salio lake si la kuapishana. Nitalilipa, Bi Casilda! Fidencio, mmekula wapi?

FIDENCIO: Ng'ambo ya barabara hapo.

REMEDIOS: Mmekunywa nini?

FIDENCIO: Dada…

REMEDIOS: Nakuuliza kwa sababu maneno yako yanaburuza miguu tangu uliposema haloo. Nilisema labda ni mtandao. Si mtandao.

FIDENCIO: Mzee Thierry aliagiza. Mgeni anaagiza, wewe utakataa? Zile glasi ndogo, pombe kali ya mkonge. Ya heshima tu.

REMEDIOS: Umekunywa ngapi?

FIDENCIO: Mbili.

REMEDIOS: Mbili. Haya. Na baba alikuwa amekaa wapi?

FIDENCIO: Mezani na sisi.

REMEDIOS: Alikaa kwenye meza yenye chupa.

FIDENCIO: Ningemweka wapi, nje?

REMEDIOS: Ndiyo, nje! Kanisani! Juu ya farasi wa mbao! Popote! Walimmiminia?

FIDENCIO: Walimmiminia, lakini alikataa, dada. Alikataa vizuri kabisa. Akaweka kiganja juu ya glasi, akamwambia mzee Thierry, "Samahani, bwana, mimi nimeapishwa."

REMEDIOS: Ahsante Bikira. Basi yameisha.

FIDENCIO: Hayakuisha.

REMEDIOS: Hayakuisha vipi? Mtu akisema ameapishwa hata mlevi wa stendi anaondoa chupa! Nani asiyejua hilo neno?

FIDENCIO: Mfaransa. Kihispania chake ni cha vitabuni. Aliposikia "nimeapishwa" akashangilia. Akamshika baba mkono. "Hongera! Umeapishwa kuwa nani?"

REMEDIOS: …Nini?

FIDENCIO: Alidhani ni cheo. Serikalini. Ameapishwa kuwa nani, waziri au meya. Wote wakanigeukia mimi, Solenne naye, nitafsiri.

REMEDIOS: Ukawaambia. Ukawaambia ni kiapo cha pombe. Fidencio? Ukawaambia baba yako ni mwanamume, alishikwa na pombe na akaiacha, kila mwaka anakuja hapa na kofia mkononi?

FIDENCIO: Nilisema hakimu.

REMEDIOS: Rudia.

FIDENCIO: Nilisema ni hakimu. Hakimu mstaafu.

REMEDIOS: Baba? Baba anapalilia maua ya gladioli!

FIDENCIO: Lilinitoka tu! Walikuwa wananitazama, dada. Mama yake Solenne ananitazama tangu siku ya kwanza, ananipima. Ningeanzia wapi? Niseme mlevi, aulize na mtoto je? Atauliza tu, yeye ni mtu wa kuuliza. Halafu nieleze na Desemba?

REMEDIOS: Desemba usiniletee mimi. Desemba kamwambie Solenne.

FIDENCIO: Nitamwambia.

REMEDIOS: Utamwambia lini? Mkishazaa? Anajua ni pombe ya Desemba iliyokutoa kwenye usukani? Au umemwambia ni macho mabovu?

FIDENCIO: Turudi kwa baba.

REMEDIOS: Umemwambia macho. Enhe, turudi. Ulipomwita hakimu, alisikia?

FIDENCIO: Alisikia. "Hakimu" kwa lugha yao na yetu ni karibu sawa.

REMEDIOS: Akafanyaje?

FIDENCIO: Hakusema kitu. Aliondoa kiganja kwenye glasi. Mzee Thierry akaijaza mpaka juu, akasimama, "Kwa mheshimiwa hakimu!" Meza ya jirani nayo ikapiga makofi.

REMEDIOS: Saa ngapi hiyo?

FIDENCIO: Dada—

REMEDIOS: Nimekuuliza saa ngapi!

FIDENCIO: Alitazama saa yake. Nilimwona. Akavuta mkono wa shati, akatazama.

REMEDIOS: Ilikuwa saa ngapi, Fidencio?

FIDENCIO: Saa nane na dakika tano. Dada? Haloo? Umekatika?

REMEDIOS: Sijakatika. Nimekaa chini. Alikunywa?

FIDENCIO: Sikuwa naangalia muda wote, nilikuwa namtafsiria—

REMEDIOS: Alikunywa?

FIDENCIO: Glasi… Baadaye ilikuwa tupu.

REMEDIOS: Mungu wangu. Mungu wangu wee. Umemuua. Mgonjwa ametoka nyumbani kwangu mzima, kapiga pasi shati lake, umempeleka kwa Bikira ukamuulia mlangoni!

FIDENCIO: Nisikilize—

REMEDIOS: Sikusikilizi! Nimekusikiliza miaka thelathini na minne! Mpe simu baba. Mpe sasa hivi.

FIDENCIO: Hayupo hapa.

REMEDIOS: Ulisema yupo!

FIDENCIO: Alisema anakwenda kunawa. Kabla ya kahawa. Nikajua atarudi.

REMEDIOS: Kabla ya kahawa ni lini?

FIDENCIO: Kama saa moja iliyopita.

REMEDIOS: Saa moja mzee ananawa! Na simu yake?

FIDENCIO: Kaizima. Akiingia kanisani anazima, kisha anasahau, unamjua. Nimepiga mara mbili.

REMEDIOS: Mimi nimekupigia mara kumi na moja. Subiri. Subiri kwanza. Ulipopokea ulisema dereva. Dereva wa nini?

(njuga, ngoma)

REMEDIOS: Mnaondoka?

FIDENCIO: Wanataka kuyaona mapiramidi kabla jua halijazama. Baba tungempitia—

REMEDIOS: Wapi mngempitia? Baa gani? Unazijua zote za hapo, si ungemwachia orodha!

FIDENCIO: Basi, dada! Basi! Unadhani mimi sina moyo? Unadhani nimekaa hapa nafurahi? Tangu nimpokee kituoni asubuhi na lile shati najiona takataka! Nikimtazama najiona mimi, mbele huko, na kofia mkononi, naomba kadi! Hawa watu sikutaka waione hiyo. Siku moja tu. Nilitaka siku moja niwe mtu wa kawaida na baba wa kawaida, tunapiga picha, tunakula, tunacheka!

REMEDIOS: Umemaliza?

FIDENCIO: …Nimemaliza.

REMEDIOS: Vizuri. Sasa inuka hapo. Una dakika kumi. Nenda kwenye mlango wa viapo.

FIDENCIO: Hatakuwa huko, kama ameshaku—

REMEDIOS: Nenda! Kama hayupo, simama katikati ya uwanja uite jina lake mpaka mapadri watoke! Wageni waache na Solenne. Tembea. Unatembea?

FIDENCIO: Natembea. Solenne, nakuja! Dakika mbili! Hapana, kaeni hapo, dereva akija mwambieni… nakuja!

REMEDIOS: Kimbia.

FIDENCIO: Siwezi kukimbia, kuna msafara unaingia, maua, bendera… samahani mama. Samahani. Kuna bibi anakwenda kwa magoti hapa, wanawe wanamtandikia mablanketi mbele.

REMEDIOS: Mzunguke. Usimruke!

FIDENCIO: Namzunguka. Halafu ni upande gani?

REMEDIOS: Hata mlango huujui! Basilika mpya iwe kulia kwako. Pita wauza mishumaa, kuna kibanda cha maji ya baraka, ukikipita unaona watu waliovaa vizuri na hawacheki. Hapo hapo.

FIDENCIO: Mishumaa… naona mishumaa. (anahema) Kuna foleni.

REMEDIOS: Ndefu?

FIDENCIO: Ndefu. Wanaume wengi. Na wake zao wamewashika viwiko.

REMEDIOS: Baba hana wa kumshika kiwiko. Mimi ndiye nilikuwa namshika. Tazama kofia.

FIDENCIO: Kofia zipo mia, dada.

REMEDIOS: Ile ya nyasi, utepe mweusi. Wa msiba wa mama. Hajautoa.

FIDENCIO: Sioni… kuna yule, siye. Ngoja. Mlangoni pale mama mmoja ameshaanza kusogeza lile pazia la chuma. Ngoja, ngoja, we mama, usifunge!

REMEDIOS: Fide?

FIDENCIO: …

REMEDIOS: Fide, sema kitu! Bi Casilda, nimekwambia nitalipa, niache!

FIDENCIO: Namwona.

REMEDIOS: Wapi?

FIDENCIO: Mbele kabisa. Amebakiza watu watatu. Kaishika kofia kifuani.

REMEDIOS: Amesimama vipi? Anayumba?

FIDENCIO: Wima. Hayumbi.

REMEDIOS: Mnuse.

FIDENCIO: Dada!

REMEDIOS: Mkumbatie, umnuse! Usinifanye nitoke hapa na huu mguu!

(sauti za watu)

FIDENCIO: Sabuni.

REMEDIOS: Nini?

FIDENCIO: Ananuka sabuni. Ile ya kufulia, ya kipande. Na jasho. Basi.

REMEDIOS: Lakini glasi ilikuwa tupu. Fidencio. Ile glasi ilinywewa na nani?

FIDENCIO: Na mimi. Alitazama saa, kisha akanisogezea glasi, taratibu, kwa vidole viwili. Mzee Thierry alikuwa amesimama na yake mkononi. Sikutaka aone imebaki. Nikaimaliza.

REMEDIOS: Umeniacha hapa nimemzika baba yangu! Nimeshavaa nyeusi kichwani mwangu, nimeshachagua na wa kubeba jeneza!

FIDENCIO: Sikusema alikunywa. Nilisema ilikuwa tupu.

REMEDIOS: Hukusema! Ndiyo kazi uliyosomea, kutosema! Ulisema umekunywa mbili. Hiyo ya baba ilikuwemo?

FIDENCIO: Haikuwemo.

REMEDIOS: Kwa hiyo tatu.

FIDENCIO: Tano, pamoja na hiyo.

REMEDIOS: Tano. Mchana kweupe. Kwa wakwe. Loo, Fide. Loo, mtoto wa mama.

FIDENCIO: Usilie.

REMEDIOS: Silii, nina hasira! Baba anasemaje?

FIDENCIO: Nimemwambia tuko pamoja, nimekuja kumsindikiza. Anasema… anasema amenishikia nafasi.

REMEDIOS: Nafasi ya nini? Msindikizaji anasimama tu pembeni.

FIDENCIO: Ana karatasi mbili mkononi. Za kujaza, kabla ya kumwona padri. Moja imeandikwa jina lake.

REMEDIOS: Na ya pili?

FIDENCIO: Jina langu. Kaliandika lote, mpaka la ubatizo. Muda hajaujaza. Saa nzima alikuwa hapa, dada. Watu walio nyuma wanasema kila zamu yake ikifika anawapisha, anasema, "Piteni, namsubiri mwanangu, ametoka na wageni."

REMEDIOS: Hakukukasirikia?

FIDENCIO: Hata. Ananifuta jasho na leso yake mbele ya watu.

REMEDIOS: Mimi nimekukasirikia. Kwa niaba yake na yangu, na ya mama. Sikia, usimkumbatie tu ukafikiri yamekwisha, mlango unafungwa!

FIDENCIO: Solenne amenifuata. Wote wamenifuata. Wako hapa.

REMEDIOS: Vizuri sana.

FIDENCIO: Mzee Thierry ameona pazia na msalaba na foleni. Anamwamkia baba kwa adabu. Anauliza… ah, dada.

REMEDIOS: Anauliza nini?

FIDENCIO: Anauliza kama mheshimiwa hakimu amekuja kuwaapisha hawa watu.

REMEDIOS: Mjibu.

FIDENCIO: Nitakupigia baa—

REMEDIOS: Ukikata simu hii, usirudi kwangu hata kwa Krismasi. Mjibu kwa sauti, nisikie. Kwa lugha yetu, hicho Kihispania chake cha vitabuni kipate kazi.

(njuga kwa mbali)

FIDENCIO: Bwana Thierry. Mama. Solenne. Huyu si hakimu… Baba yangu ni mkulima wa maua. Neno lile alisema sawa, mimi ndiye nililipotosha. Ameapishwa asinywe pombe. Kila mwaka. Ndicho alichokuja kufanya leo, na mimi nimembebesha mkoba tangu asubuhi… Hapana, Solenne, ngoja. Kuna na Desemba. Macho yangu hayana kitu. Nitakueleza. Nitakueleza yote, lakini hii foleni inasogea.

REMEDIOS: Wamesemaje?

FIDENCIO: Hawajasema. Mama yake amechukua mkoba wake begani kwa baba.

REMEDIOS: Angeuchukua saa nne asubuhi. Na Solenne?

FIDENCIO: Ananitazama tu.

REMEDIOS: Mwache atazame. Ametazama vikanisa vya kutosha, sasa akutazame na wewe.

FIDENCIO: Mama wa mlangoni anatuita. Anauliza nani kanywa leo.

REMEDIOS: Mwambie ukweli.

FIDENCIO: Mimi, mama. Tano… Anatikisa kichwa. Anasema aliyekunywa haapi siku hiyohiyo, ndiyo desturi. Baba anaongea naye. Baba anamwambia… sisikii.

REMEDIOS: Anamwambia nini? Sogeza simu!

FIDENCIO: Mama wa mlangoni anasema niingie na baba, nisimame nyuma yake. Changu padri ataamua mwenyewe, leo au kesho.

REMEDIOS: Basi kama ni kesho utalala hapo mlangoni! Umesikia? Mapiramidi hayaendi popote! Na muda, Fide, utajaza muda gani? Usije ukaniandikia wiki mbili za kitalii—

FIDENCIO: Dada, chaji imebaki nukta. Baba anaanza. Amepiga goti. Ananiambia nitazame saa.

REMEDIOS: Saa ya nini?

FIDENCIO: Anasema nitazame vizuri, nikumbuke mpaka dakika, maana mwakani—

REMEDIOS: Ni saa ngapi? Haloo? Fide! Saa ngapi huko? Haloo? … Imekata. Bi Casilda, simu yako hii, chukua, ahsante. Nitazamie saa ya ukutani nyuma yako. Kasoro ngapi? Saa kumi kasoro tatu. Lete kalamu yako ya dukani, niandikie hapa kwenye hogo, hapa juu karibu na goti, pasifutike: "Baba, saa kumi kasoro tatu." Ndivyo. Na chini yake usiandike kitu, Bi Casilda. Chini yake mwachie nafasi yule mjinga.